Mwalimu Anataka Kiti St. Paul: Maswali Tunayoulizwa Mlangoni, Msibani na kwenye Simu

Tangu Februari simu yangu haipumziki. Mhadhiri mmoja wa sosholojia, ambaye hapa vitongojini kaskazini mwa Minneapolis kila mtu humwita Mwalimu, hata asiyewahi kukanyaga darasani kwake, anagombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota. Mimi nimepewa kupanga watu wa kujitolea upande wa Waswahili: Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi wachache. Maswali ni yale yale, na nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba. Nimeyaandika.

Jina lake silitaji. Tangazo la kampeni kisheria lazima liseme limeandaliwa na kulipiwa na nani, na mimi sijalipwa na mtu. Wanaomjua wanamjua.

Bunge la jimbo ndilo lipi? Si lile la Washington?

Silo. Washington kuna Kongresi, inayoshughulikia vita, uhamiaji na hazina ya nchi nzima. Hili la kwetu linakaa St. Paul, mji mkuu wa jimbo, kwenye jengo lile lenye kuba jeupe unaloliona ukipita barabara ya 94. Lina wawakilishi 134 na maseneta 67. Ilhan Omar alianzia hapa: alichaguliwa kuwa mwakilishi wa jimbo mwaka 2016, Washington akaenda kwa uchaguzi wa 2018.

Wakenya huniuliza, "Kwa hiyo ni kama MCA, mjumbe wa bunge la kaunti?" Hapana, ni zaidi. Bunge la jimbo linatunga sheria za jinai, linatoza kodi ya mapato, linaamua adhabu, leseni, shule na bima. Mzanzibari ndiye huelewa upesi: anajua maana ya kuwa na Baraza lenu wenyewe huku kuna Bunge jingine la nchi nzima.

Kila mwakilishi anasimamia watu 42,600 hivi, kwa hesabu ya sensa ya 2020. Maeneo mawili ya uwakilishi, A na B, yakiunganishwa yanafanya eneo moja la seneta. Basi ukisikia mtu anasema "sisi ni A, wale ng'ambo ya barabara ni B," hajagombana na jirani.

Linanihusu nini mimi, nabeba zamu mbili na sina muda wa siasa?

Hebu tuanze na zamu zenyewe. Nusu ya watu kwenye orodha yangu ya simu wanafanya kazi za kulea wazee au watu wenye ulemavu. Fedha zinazolipa kazi hizo kwa kiasi kikubwa hupitia bajeti inayopigiwa kura St. Paul. Mwaka 2023 bunge hilo liliunda bodi ya kuweka viwango vya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee. Mwaka huo huo likapitisha kwamba kila mtoto wa shule ale asubuhi na mchana bila kulipa; kwamba leseni ya udereva itolewe bila kuuliza hati ya uhamiaji, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023; kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 isilipe ada katika vyuo vya umma vya jimbo; na kwamba mtu akijifungua, akiugua au akiuguza apate likizo yenye malipo. Hiyo ya likizo ilianza Januari 2026. Binamu yangu kajifungua Februari, kwa hiyo hili sijalisoma gazetini.

Yote hayo yalipita wakati chama cha DFL, yaani Democrat wa hapa Minnesota, kikiwa na wingi wa kiti kimoja tu katika Seneti, 34 kwa 33.

Na kinachotolewa huondolewa. Watu wazima wasio na hati walifunguliwa mlango wa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, Januari 2025. Katikati ya mwaka huo huo bunge likapiga kura ya kuufunga, na mwisho wa Desemba ukafungwa. Watoto walibakizwa. Kuna mama mmoja hapa alikuwa ameshapangiwa operesheni ya goti. Mwambie yeye kwamba siasa hazimhusu.

Sosholojia ni kitu gani hasa?

Ni elimu ya jamii: watu wanavyoishi pamoja, nani anapata na nani anakosa, na kwa nini jambo unalodhani ni bahati yako mbaya unakuta limewakuta wenzako elfu kwa mpangilio ule ule.

Mwalimu mwenyewe akiulizwa hatoi maana ya kamusi. Anasimulia utafiti wake. Kwa miaka kadhaa amekuwa akizungumza na watu wanaofanya zamu za usiku, na swali lake la kwanza ni moja: "Ukiwa kazini usiku, nani anabaki na watoto?" Basi. Kutoka hapo yanafumuka yote: nyanya aliyeletwa kwa viza ya kutembea, kijana wa miaka kumi na miwili anayepika ugali kwa kutazama video, mume na mke wanaopishana mlangoni saa moja asubuhi kama walinzi, mwezi unapita hawajala pamoja. Mtu mmoja akikueleza hayo utasema ana matatizo ya nyumbani. Wakikueleza sitini, umejua kwamba ratiba za kazi na bei ya kulelesha watoto ndizo zinazopanga ndoa za watu.

Sasa, faida yake bungeni? Wanasheria pale wako tele, wafanyabiashara tele. Mtu aliyezoea kuuliza swali moja na kunyamaza dakika kumi akisikiliza si wengi. Lakini nisimpambe: tabia hiyo hiyo ndiyo iliyotutesa mwanzoni. Mtafiti huuliza, huandika, huaga, huenda zake. Mgombea akiuliza "shida yako nini?" mwenye nyumba anategemea jibu, tena pale pale mlangoni, na utoe ahadi. Wiki za kwanza Mwalimu alikuwa anasikiliza vizuri mno, anashukuru, anaondoka. Hajaomba kura! Ilibidi nimvute mkono: "Mwalimu, hatukuja kukusanya takwimu."

Watu aliowahoji kwenye utafiti, majina yao mmeyatia kwenye orodha ya kampeni?

Hapana, na hili naomba lieleweke vizuri, maana lilileta maneno.

Mimi mwenyewe ndiye niliyelipendekeza. Niliona ni jambo la akili: Mwalimu ana mahojiano na watu wengi wa jamii yetu, ana simu zao, anajua shida zao hadi za chumbani, tukiwapigia hao kwanza tuna pa kuanzia. Alinitazama kama nimemwambia tuibe sadaka. Akanieleza kwamba kila utafiti wa chuo hupitishwa na kamati ya maadili, na kila aliyehojiwa alipewa karatasi inayosema maelezo yake ni siri, yatatumika kwa utafiti tu, na jina lake halitajulikana. Daftari hizo zimefungwa kabatini chuoni, na ufunguo hauji kwenye kampeni.

Nilidhani ni maneno ya kisomi mpaka siku moja ya Mei. Tulikuwa tunabisha hodi kwenye mtaa wa nyumba za kupanga, mimi na orodha ya wapiga kura kwenye simu, Mwalimu na vipeperushi. Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguliwa na dada mmoja mwenye sare ya kazi ya buluu, beji bado imening'inia shingoni. Walipotazamana nikaona kitu kimepita. Mwalimu akanyoosha mkono: "Habari za asubuhi, dada. Naitwa fulani, nagombea uwakilishi wa hapa." Yule dada akajibu, "Karibu, ndiyo kwanza nakuona." Nyuma yake kwenye kochi alikaa mume, anasikiliza. Wakaongea habari za maegesho na theluji isiyozolewa. Tukashuka ngazi. Kwenye gari sikuuliza, naye hakusema, akafungua chupa yake ya chai akanywa.

Hadi leo sijui kama walikuwa wanajuana. Ndivyo inavyotakiwa.

Wasomi wameshawahi kufanikiwa kwenye siasa, au ni watu wa kuandika vitabu tu?

Wapo wa kila namna. Hapa hapa Minnesota kulikuwa na Paul Wellstone, mwalimu wa sayansi ya siasa katika chuo cha Carleton, Northfield. Mwaka 1990 alizunguka jimbo zima na basi la kijani lililochakaa, akamwangusha seneta aliyekuwa na fedha mara nyingi zaidi yake. Alikufa kwa ajali ya ndege Oktoba 2002, siku kumi na moja kabla ya uchaguzi. Wazee wa DFL wakimtaja hadi leo hukohoa kidogo kwanza.

Kwa wanasosholojia wenyewe, mkubwa wao ni Fernando Henrique Cardoso wa Brazil. Aligombea useneta wa São Paulo mwaka 1978, akawa wa pili, akapata kiti kama mbadala mwaka 1983, na kuanzia 1995 akawa rais kwa vipindi viwili. Katikati hapo aliaibika: mwaka 1985 akigombea umeya wa São Paulo, alikubali kupigwa picha amekalia kiti cha meya kabla kura hazijapigwa. Akashindwa. Mshindi alipoingia ofisini alikipulizia kiti dawa ya kuua wadudu mbele ya waandishi wa habari. Tangu nimsimulie Mwalimu kisa hicho, hataki hata kuliona duka la masuti.

W.E.B. Du Bois ndiye ninayempenda mimi. Mwaka 1896 na 1897 alibisha hodi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, katika kata ya saba ya Philadelphia, akiwahoji Weusi wa pale juu ya kazi, kodi na maradhi. Utafiti ule ni miongoni mwa misingi ya sosholojia ya Marekani. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 82, aligombea useneta kupitia New York kwa tiketi ya chama kidogo, akapata kura zaidi ya 200,000 na kushindwa vibaya. Mwaka uliofuata serikali ikamshitaki kuwa wakala wa nchi ya kigeni; mahakama ikamwachia. Alifia Accra mwaka 1963.

Na wa nyumbani tusimsahau: Katama Mkangi, mtu wa Pwani ya Kenya, mhadhiri wa sosholojia Nairobi na mwandishi wa riwaya za Kiswahili. Aliwekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986. Mwaka 1997 akagombea urais wa Kenya dhidi ya Moi, akaambulia kura chache sana. Ukitaka kujua alichokuwa anawaza juu ya jamii, riwaya zake zinasema zaidi kuliko kura zake.

Ataacha kazi ya chuo?

Kwa sasa hapana. Hakufundisha kipindi cha kiangazi na amepunguziwa darasa moja vuli hii. Akishinda, sheria ya Minnesota inampa mwajiriwa wa shule au chuo cha umma cha jimbo haki ya kuchukua likizo bila malipo wakati yuko kwenye shughuli za bunge, na kazi yake imngoje. Bunge lenyewe si la mwaka mzima: siku za vikao hazizidi 120 kwa miaka miwili, na ikifika Mei lazima lifunge. Walimu wamekuwa wakiingia humo miaka yote kwa sababu ratiba inawaruhusu kidogo.

Mshahara wa mbunge uliwekwa dola 51,750 kwa mwaka mwaka 2023, na unapangwa na baraza la mishahara lililo nje ya bunge, maana mwaka 2016 wananchi walipiga kura kuwanyang'anya wabunge mamlaka ya kujipandishia. Natamani mawazo hayo yasafiri kwa ndege ya kwanza kwenda nyumbani. New Hampshire wanalipwa dola 100 kwa mwaka. Mia moja! Texas ni 600 kwa mwezi. Kwa hiyo anayesema "amefuata hela" ajue Mwalimu atapungukiwa.

Wanafunzi wake wanalazimishwa kumfanyia kampeni?

Hapana. Darasani haruhusu hata beji. Mwanafunzi aliye kwenye darasa lake muhula huu hapokelewi kama mtu wa kujitolea, maana kesho utasemaje alama ile ilikuwa ya mtihani na si ya vipeperushi? Waliomaliza wanakuja, na ndio wanaojua kutumia lahajedwali, Mungu awabariki.

Si mzaliwa wa hapa. Sheria inaruhusu?

Inaruhusu. Kuzaliwa Marekani ni sharti la urais. Kwa bunge la Minnesota unatakiwa uwe mpiga kura halali (yaani raia, hata wa kuandikishwa), umetimiza miaka 21, umeishi jimboni mwaka mmoja na kwenye eneo la uchaguzi miezi sita kabla ya siku ya kura.

Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza hilo hilo kutoka vitongoji hivi vya kaskazini. Kwa hiyo njia imeshapitwa, majani yamelala.

Kuna swali la pili ndani ya hili, huulizwa kwa sauti ya chini, na Watanzania: "Alirudisha pasi?" Ndiyo. Mkenya tangu katiba ya 2010 anaruhusiwa uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua wa nje, wa kwao umekwisha. Mwalimu alizaliwa Tanga, akasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku alipokula kiapo cha Marekani, anasema, alikwenda kazini moja kwa moja akafundisha kipindi cha saa nane, na hakumwambia mtu.

Kura ni Novemba. Mbona mlianza kutusumbua Februari, na baridi ile?

Kwa sababu kura ya Novemba ni mlango wa mwisho, na milango iko mitatu au minne.

Wa kwanza ni mkutano wa chama wa kata. Unafanyika jioni ya siku moja mwanzoni mwa Februari, kwenye shule au ukumbi, na yeyote mkazi anayekubaliana na chama anaingia. Watu huwa wachache. Meza ya kata yangu tulikuwa kumi na mmoja, na nafasi za ujumbe zilikuwa zaidi ya watu waliokuwepo. Yaani ukinyoosha mkono umekuwa mjumbe. Hao wajumbe ndio wanaokwenda kwenye mkutano wa eneo kuamua chama kimuunge mkono nani. Kwa DFL mgombea anahitaji asilimia 60. Mtu akiwa na wajumbe thelathini waaminifu, amewazidi wapiga kura elfu wanaosubiri Novemba. Jamii yetu kwa miaka mingi ilikuwa inakuja kwenye mlango wa mwisho, ikikuta watu wameshagawana viti, inalalamika.

Kisha kuna kujiandikisha kugombea, mwishoni mwa Mei, kwa ada ya dola 100. Halafu kura ya mchujo, Jumanne ya pili ya Agosti. Ndipo Novemba 3.

Shemeji yangu yuko Nairobi na ana uwezo. Anaweza kuchangia kwa M-Pesa?

HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ilishatokea mtu akataka kutupigia harambee kutoka Dar. Sheria ya Marekani inakataza raia wa nje kuchangia uchaguzi wowote, wa taifa, wa jimbo au wa mji. Raia anaruhusiwa, na mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Mwenye viza ya kusoma au ya kazi haruhusiwi. Wala usichukue fedha ya shemeji ukaipitisha kwa jina lako.

Kwa anayeruhusiwa kuna jambo zuri ambalo watu hawalijui: ukimchangia mgombea wa jimbo aliyekubali kikomo cha matumizi, Minnesota inakurudishia hadi dola 75 kwa mwaka, au 150 kwa mume na mke. Omba risiti rasmi, jaza fomu, tuma. Mama mmoja wa chama chetu cha kuchangishana alisema, "Yaani serikali inanikopesha nichangie?" Kwa hesabu za chama, ndiyo hivyo.

Mimi si raia. Nifanye nini?

Usipige kura na usijiandikishe, hata mtu akikubembeleza mlangoni na kalamu, hata akikuambia "weka tu sahihi." Kosa hilo linaweza kukuharibia safari yako yote ya makaratasi. Ukitumiwa fomu kwa bahati mbaya, iache.

Kujitolea bila malipo unaweza: kupika, kuendesha gari, kutafsiri, kubisha hodi. Mpishi wetu mkuu bado anasubiri usaili wake wa uraia, na bila pilau yake hakuna mtu angekuja Jumamosi.

Kura yangu moja itabadilisha nini?

Novemba 2024, eneo la 54A, huko Shakopee, mshindi alipita kwa kura 14. Baadaye ikabainika kura 20 zilizopigwa mapema zilipotea bila kuhesabiwa. Kesi ikaenda mahakamani, mashahidi wakaitwa waseme waliwapigia nani, jaji akathibitisha mshindi Januari. Na kiti kile hakikuwa kiti hivi hivi: Baraza zima lilikuwa limegawanyika 67 kwa 67, wabunge wa DFL wakasusia vikao wiki kadhaa akidi isitimie, na spika hakupatikana kwa amani mpaka Februari. Kura 14 ni watu wa basi moja dogo la kwetu.

Minnesota unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo ya kura. Imekuwa hivyo tangu miaka ya sabini. Kama huna uthibitisho wa anwani, jirani wa kata yako aliyejiandikisha anaweza kukuapia, na mmoja anaruhusiwa kuwaapia hadi wanane. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee na za watu wenye ulemavu, sikilizeni: mfanyakazi wa nyumba hizo anaweza kuwaapia wakazi wake wanaostahili bila kikomo cha wanane, akionyesha kwamba anafanya kazi pale. Bibi yule unayemwogesha kila asubuhi, naye ana kura. Ampigie anayemtaka.

Huogopi? Baada ya yale ya Brooklyn Park?

Tunaogopa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mtu aliyevaa kama polisi alibisha hodi nyumbani kwa Melissa Hortman, Brooklyn Park, aliyekuwa Spika wa Baraza tangu 2019 hadi mwanzoni mwa mwaka huo, akamuua yeye na mumewe Mark. Kabla ya hapo alikuwa amempiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe Yvette kwao Champlin, hao walipona. Ni dakika chache kutoka ninapoandika. Asubuhi ile simu zetu zote zililia kwa pamoja, tukaambiwa tusifungulie polisi aliye peke yake.

Mwalimu alikuwa ameanza kufikiria kugombea mwezi ule. Akanyamaza hadi Septemba.

Kwa hiyo sasa tunakwenda wawili wawili, hatubishi baada ya jua kutua, tukibisha tunarudi nyuma hatua tatu ili tuonekane vizuri kwenye kamera, na ratiba ya mgombea haitangazwi mapema. Mwenye nyumba asipofungua hatumlaumu, tunaacha karatasi. Huko kwetu hodi ni adabu, na kukaa kimya ndani ukisikia hodi ni utovu. Hapa tumejifunza upya neno lenyewe.

Kile kipeperushi cha "kula" kilikuwa mzaha?

Haikuwa mzaha. Tulituma maneno kwa mpiga chapa, aliyeyapanga ni kijana asiyejua Kiswahili, na aliyeyasoma mara ya mwisho ni mimi, saa tisa usiku, nimetoka zamu. Nakala elfu mbili zikarudi zimeandikwa kwa herufi nyekundu: MPIGIE MWALIMU KULA. Wakenya walicheka hadi machozi. Mmoja akasema huyu angalau amesema ukweli, wengine hula kimya kimya. Tulizitupa isipokuwa moja. Iko kwenye friji yangu.

Haongei kisomi mno?

Alikuwa hivyo. Kwenye kikao cha kwanza cha wazee, ukumbi wa kanisa, aliongea dakika ishirini juu ya miundo ya kitaasisi inayozalisha ukosefu wa usawa wa makazi. Mzee mmoja Mrundi aliyekaa mbele, kofia magotini, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hayo yote uliyosema, ni kodi ya nyumba?"

Mwalimu akasita. "Ndiyo, mzee. Ni kodi ya nyumba."

"Basi sema kodi."

Siku hizi anasema kodi.

Akishindwa?

Hesabu zinafungwa, mabango tunayatoa mitaani sisi wenyewe, na wapishi wanalipwa deni la vitunguu. Ratiba ya muhula wa Januari chuoni imeshatoka na jina lake limo: Utangulizi wa Sosholojia, Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Ameomba pembeni waandike kwa penseli.